Bwana Shamba, Kasuku Wanalipa?



Hapa Ufipa maswali yanafuata msimu. Novemba mvua zikikaribia naulizwa mbegu na mbolea. Januari naulizwa viwavijeshi. Ikifika Agosti, mahindi na alizeti vimeshauzwa, hela iko mkononi, swali linageuka: "Nifuge nini?" Kware mnawakumbuka. Watu waliambiwa yai la kware linatibu kila kitu, wakajenga mabanda, na soko lilipokufa wakabaki wanakula mayai yao wenyewe. Sasa limekuja jipya. Nimelisikia Laela, nimelisikia Matai, na mjini Sumbawanga ndiyo usiseme: "Bwana shamba, kasuku wanalipa?"

Jibu langu ni hapana. Na si hapana ya mtu anayewachukia. Kasuku ni ndege wa ajabu na ninawapenda. Lakini kwa mkulima kijana anayetaka biashara, huyu si mradi. Na kwa anayemtaka wa kukaa naye tu nyumbani, ni mzigo mkubwa kuliko anavyoambiwa na muuzaji. Soma mpaka mwisho ndipo ubishe.

Kwanza mjue unamleta nani nyumbani

Ninayemzungumzia hapa ni yule wa kijivu mwenye mkia mwekundu, anayetoka misitu ya Congo na Afrika Magharibi. Ndiye bingwa wa kusema. Ipo nyumba moja mjini ninayopita kukagua kuku, wanaye miaka tisa sasa, na karatasi zake zipo, nimeziona. Ndege yule anaiga mlio wa simu mpaka watu wanapapasa mifuko. Anamwita mbwa kwa sauti ya baba, mbwa akija anamfukuza kwa sauti ya mama. Kubwa kuliko yote, amejifunza ule wito wa kuita kuku, "kuru kuru kuru". Kuku wanakuja mbio, wanakuta sahani tupu, na yeye juu anacheka. Anacheka kicheko cha babu wa nyumba ile, ambaye amekwisha kufariki. Mtoto wa mwisho pale hakumwahi babu yake. Kicheko chake tu ndicho anachokijua.

Ukisikia hivyo unamtaka wa kwako, najua. Lakini jiulize kwa nini anasema. Porini kasuku anaishi kwenye kundi, na kwa sauti ndiyo anajulikana kuwa ni wa kundi hilo. Ukimtoa huko, kundi lake ni wewe, mkeo, watoto na redio. Anajifunza lugha yako ili asibaki peke yake. Marekani kulikuwa na kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, alinunuliwa mwaka 1977 kwenye duka la wanyama huko Chicago na mtafiti Irene Pepperberg. Mpaka anakufa mwaka 2007 alikuwa anajua maneno zaidi ya 100, anataja rangi, maumbo, na kuhesabu mpaka 6. Kiumbe mwenye akili hiyo ukimfungia kwenye kitundu cha waya barazani, halafu wewe uko shambani Kalambo siku nne, anaugua upweke. Anaanza kujinyonyoa manyoya moja moja mpaka kifua kinabaki nyama tupu. Au anapiga kelele kuanzia alfajiri, na jirani hatakuelewa. Mji wetu wenyewe jina lake watu wanalitafsiri "tupa uchawi", sasa ndege awe anaita watu majina gizani, utaeleza mara ngapi?

Halafu hachagui cha kujifunza. Mwaka 2020, kwenye hifadhi ya wanyama ya Lincolnshire huko Uingereza, kasuku watano wa kijivu walitenganishwa kwa sababu walikuwa wanatukana wageni, na wageni wakicheka ndiyo wanazidi. Hakuna aliyewafundisha kwa makusudi. Yule wa mjini kwetu naye siku moja mdai alipogonga geti alijibu mwenyewe: "Mwambie sipo!" Nyumba nzima ikakosa pa kuficha uso.

Hesabu ya biashara

Tuweke sasa kalamu mezani, maana ndiyo kazi yetu.

Kuku wa mayai anaanza kutaga akiwa na miezi mitano hivi. Kasuku wa kijivu anahitaji miaka mitatu mpaka mitano kabla ya kuzaa. Akitaga, ni mayai mawili mpaka manne. Anaatamia karibu mwezi mzima, na kinda linakaa kwenye kiota wiki kumi na moja au kumi na mbili. Dume na jike wanafanana, kwa kumtazama tu hujui, inabidi vipimo vya maabara. Ukinunua "jozi" kwa maneno ya dalali unaweza kulisha madume wawili miaka mitano ukisubiri yai. Na hata wakiwa dume na jike, hawapandani kwa sababu umewaweka pamoja. Wanachaguana. Wasipopendana, imeisha hiyo.

Upande wa umri, akitunzwa vizuri anaishi miaka 40, wengine 60. Wewe una miaka 25 leo, kwa hiyo unanunua ndege atakayekuzika au atakayerithiwa na wanao. Trekta lenyewe halikai hivyo.

Chakula nacho watu wanadhani ni alizeti tu, na alizeti kwetu ni ya kumwaga. Kasuku wa kijivu akila mbegu tupu anapungukiwa madini ya chokaa na vitamini A. Akipungukiwa chokaa anaweza kuanguka na kutetemeka kama mwenye kifafa. Anahitaji mboga za majani, karoti, matunda. Ila parachichi hapana! Nasema kwa sauti kwa sababu wengi wenu mmepanda parachichi: lina sumu kwa ndege. Karanga au mahindi yaliyoota ukungu nayo hapana, sumukuvu inaharibu ini lake kama inavyoharibu la kwako.

Na baridi ya huku. Sumbawanga tuko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, Juni na Julai mnaijua. Ndege wa misitu ya joto anatetemeka, mwenye nyumba anamwonea huruma, anamwekea jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Mapafu ya ndege hayahimili moshi wala ile hewa ya sumu ya mkaa. Asubuhi yuko chini ya kitundu. Hewa hiyohiyo inaua na watu.

Sheria haichezi

Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inasema wanyamapori wa Tanzania ni mali ya umma. Kumkamata wa porini bila leseni ni kosa, lina faini na lina jela. Hii inawahusu hata wale kasuku wetu wadogo wa kahawia wanaoishi kwenye miombo. Mtoto akipanda mti akashusha makinda ukamnunulia, wewe ndiwe mwenye kosa kubwa kuliko yeye.

Kwa wa kijivu, mwaka 2016 nchi wanachama wa mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, zilikubaliana mjini Johannesburg kumweka kwenye orodha ya juu kabisa ya ulinzi, ikaanza kazi Januari 2017. Maana yake biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imefungwa. Sababu ipo: Ghana wamepungua kwa asilimia 90 mpaka 99 tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Na ndege hawa ni wazazi wa polepole kama nilivyokuonyesha, hawawezi kufidia.

Anayekwambia "tutawauza nje" mkumbushe historia yetu. Miaka ya 1980 kasuku wadogo wa Fischer, ambao asili yao ni kaskazini mwa Tanzania, walisombwa kwa wingi kupelekwa nje mpaka wakapungua kwao, biashara ikasimamishwa. Mei 2016 serikali ilisimamisha kwa miaka mitatu usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Juni 2022 likatoka tangazo la kufungua kwa miezi sita, likasitishwa karibu palepale. Mradi ambao soko lake linafungwa kwa tangazo moja, benki gani itakukopesha?

Kwa hiyo mtu akikunong'oneza kwamba "mzigo unavuka ziwa unaingia Kasanga", elewa anakuuzia kesi. Akisema kibali kipo, mwambie akionyeshe, kisha kipeleke kwa afisa wanyamapori wa halmashauri au TAWA kabla hujatoa hata mia.

Kuku wako ndio watalipa

Hili ndilo linalonikosesha usingizi mimi, kwa sababu wengi wenu mna kuku.

Kasuku anaweza kubeba mdondo, ule ambao wengine mnauita kideri. Wapo wanaoutoa virusi muda mrefu bila kuonyesha dalili yoyote. Mwaka 1971 mdondo mkali uliingia kusini mwa California, Marekani, ukahusishwa na kasuku walioletwa kutoka nje kwa biashara ya ndege wa nyumbani. Ilichukua mpaka 1974 kuumaliza. Kuku wapatao milioni 12 waliteketezwa, gharama ikafika dola milioni 56. Hiyo ni Marekani, yenye maabara na fidia. Wewe mwenye kuku 400 na mkopo wa kikundi, fidia yako iko wapi?

Kijana mmoja ninayemhudumia aliletewa kasuku kutoka ng'ambo ya ziwa, kwenye kapu lililofunikwa kitambaa. Ndege amevimba manyoya, macho nusu yamefumba, kinyesi cha kijani. Kijana alitaka kumtundika kwenye banda la vifaranga "apate joto". Tulikataa palepale. Akawekwa stoo ya mbali, anahudumiwa mwisho baada ya kuku, kwa viatu na nguo tofauti, na siku hiyohiyo tukampigia afisa wanyamapori. Siku ya nne, afisa alipofika, ndege alikuwa ameshakufa. Hakupimwa, kwa hiyo ugonjwa siutaji. Kuku wako salama, na walikuwa wamechanjwa. Lakini fikiria angelala usiku mmoja tu juu ya vifaranga wale.

Binadamu pia tumo. Ipo homa ya kasuku, inatokana na vumbi la kinyesi na manyoya. Inakuja na homa, kichwa na kikohozi kikavu, mtu anadhani malaria au mafua. Inatibika kwa dawa, ila lazima umwambie daktari kwamba nyumbani una ndege. Usipomwambia hatakisia.

Kama unaye tayari

Sitakwambia umfungulie mlango aende. Aliyezoea nyumba atakufa na baridi, njaa au mwewe ndani ya siku chache. Fanya haya:

1. Nenda kwa afisa wanyamapori ukajieleze mwenyewe kabla hujafuatwa. Kenya mamlaka yao ya wanyamapori, KWS, ilishawahi kuwapa wenye kasuku wa kijivu muda maalumu wa kujisajili. Anayejitokeza mwenyewe husikilizwa tofauti na anayekamatwa.

2. Mtenge na kuku kabisa. Vyombo vyake, ufagio wake, na wewe unawe mikono kabla ya kuingia bandani. Usisafishe kitundu kwa kufagia kikavu, lowesha kwanza.

3. Kuku wachanjwe mdondo kila baada ya miezi mitatu. Ile chanjo ya I-2 ni tone moja la jichoni, bei yake ni ndogo kuliko soda ukigawa kwa kuku mmoja.

4. Kitundu kiwe kikubwa cha kumtosha kufungua mbawa zote mbili, mahali penye watu lakini mbali na moshi wa jikoni. Mpe vijiti na magunzi ya mahindi atafune, maana asipopewa atatafuna waya wa umeme na fremu ya dirisha.

5. Mtoe, ongea naye kila siku. Na uchunge mdomo wako. Ukitaja mbele yake bei ya mwisho ya magunia yako, usishangae dalali akiipata mlangoni.

Lakini wewe ambaye bado hujanunua, hiyo hela ina kazi. Wapo waliouza mahindi Juni kwa sababu tu hawana mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia, halafu Agosti wananiuliza kasuku. Nunua mifuko. Ongeza banda, chanja, chimba kisima kifupi cha bustani. Ukiwa na hamu ya ndege, shuka Ziwa Rukwa au nenda maporomoko ya Kalambo ukawaone korongo wakiwa kwenye miamba yao, kiingilio ni kidogo na hawahitaji kulishwa.

Kila anayesema "kasuku analipa" muulize swali moja: analipwa nani? Mpaka sasa niliowaona wakilipwa ni wauzaji.

Kazi njema, tukutane shambani.