Maswali ya kukariri yanachosha

Mwandishi, mengi ya maswali ya filamu uliyoyapendekeza katika makala yako ni ya kukariri tu: filamu fulani ilitoka mwaka gani, nani alipata Oscar. Hayo mtu yeyote mwenye simu anayajibu. Sisi wapenzi wa sinema za zamani za Hollywood tunataka swali linalomrudisha mtu kwenye filamu yenyewe.

Kwa mfano, nani alipiga piano ya Sam katika Casablanca ya 1942? Wengi watakimbilia kusema Dooley Wilson, aliyeigiza kama Sam. Hapana. Wilson aliimba kwa sauti yake mwenyewe, lakini yeye alikuwa mpiga ngoma, piano hakuijua. Aliyeipiga hakuonekana kwenye picha. Ukishajua hilo, kila ukiitazama filamu macho yanakwenda kwenye mikono ya Wilson.

Au hili: mwigizaji gani alirudia hadithi ileile baada ya miaka 21? Ni Clark Gable, kwanza katika Red Dust ya 1932, kisha Mogambo ya 1953, ambayo sehemu yake kubwa ilipigwa picha huku kwetu Afrika Mashariki.

Na tafadhali, Hattie McDaniel asiishie kuwa jibu la "Mweusi wa kwanza kupata Oscar". Uliza usiku ule wa tuzo, mwaka 1940, aliketi wapi. Alitengewa meza pembeni, mbali na waigizaji wenzake wa Gone with the Wind, kwa sababu ya ubaguzi wa rangi. Swali hilo naomba sana uliweke kwenye orodha yako ijayo.