Sauti kuukuu ndani ya kinanda kipya

Ukipita karibu na makanisa ya Thika au Ruiru Jumapili, sikiliza besi ya kinanda. Huenda mlio huo mzito ni wa Minimoog, chombo kilichotokea Marekani mwaka wa 1970. Kilitoa noti moja tu kwa wakati, na kikipata joto sauti yake ilihama kidogo. Uhai wake ulikuwa hapo.

Siku hizi chombo chenyewe ni adimu na ghali. Kwa hivyo mafundi hurekodi sauti zake, noti baada ya noti, na kuzihifadhi katika kumbukumbu ya kinanda cha kisasa.

Je, unamnunulia kijana wako au kwaya? Bonyeza noti zote, chini hadi juu. Ikiwa rekodi chache zimevutwa kufunika noti nyingi, utasikia za juu zikilia kama mbu. Uliza pia kama kinakubali kuingizwa sauti mpya, kwani si vyote vinavyokubali.

Faida kubwa ni hiyo. Mwaka wa 1985, Mwethiopia Hailu Mergia alirekodi huko Washington nyimbo za kwao kwa kodiani na vinanda vya umeme. Nasi tuna kodiani na karing'aring'a za mwomboko, tena tuna wandindi yenye uzi mmoja. Mwanafunzi wa Chania, mwombe babu ruhusa, urekodi noti zake moja moja, uziingize humo. Minimoog ina wahifadhi wengi duniani. Wandindi inakutegemea wewe.