Bosi, Akaunti ya Msimamizi Si Kiti Chako

Iko imani moja iliyoenea katika ofisi zetu ndogo, kuanzia stationeri za Moshi mjini hadi ofisi za mawakala wa forodha pale Holili, mpakani na Kenya: kwamba kompyuta ikishakuwa mali yako, basi uitumie kwa mamlaka yake yote. Aliyeinunua kwa fedha zake hawezi kuombwa nywila na kifaa chake mwenyewe. Kwa hiyo fundi anapopiga Windows upya anafungua akaunti moja tu, anaipa jina la mwenye ofisi, anaiacha na ruhusa zote za msimamizi, mara nyingi bila nywila. Kesho yake bosi, karani, mdogo wake bosi na kijana wa mafunzo kwa vitendo wote wanaingia humo humo.

Imani hiyo ni potofu na inatuumiza. Mpakani inaumiza zaidi.

Tazama kazi inayofanyika pale. Tangu 2016 Holili na Taveta ni kituo cha huduma kwa pamoja: gari linalotoka Kenya linamaliza taratibu za nchi zote mbili upande wa Holili, na linalotoka Tanzania linamalizia Taveta. Wakala haandiki tena kwa karatasi na kupanga foleni dirishani. Anaingia katika mfumo wa forodha kwa akaunti yake, anajaza TANSAD, yaani kadhia ya kuutangaza mzigo kwa forodha, anapakia ankara na orodha ya mzigo, anasubiri majibu. Nywila yake ya mfumo, TIN za wateja, nakala za pasipoti za madereva na barua pepe kutoka Mombasa vyote vinapita katika kompyuta ile moja. Ikifa, ofisi imefungwa, hata kama mlango uko wazi.

Sasa mteja analeta fleshi. Lori la vitunguu liko barabarani na vitunguu havisubiri. Karani anaichomeka, anaona kitu kinachofanana na folda yenye jina la kampuni ya mteja, anabofya mara mbili. Si folda. Ni programu iliyovishwa picha ya folda, na kwa kuwa Windows kwa kawaida huficha herufi za mwisho za jina la faili, karani haoni kwamba jina lile linaishia na .exe. Skrini inafifia. Kijisanduku kinajitokeza katikati, kinauliza kama programu hii iruhusiwe kufanya mabadiliko katika kompyuta. Kwenye akaunti ya msimamizi jibu ni kitufe kimoja tu cha kukubali, na karani amekibonyeza mara nyingi mno kiasi kwamba hasomi tena kilichoandikwa. Anabonyeza.

Kwenye akaunti ya kawaida, kijisanduku kile kile kingedai nywila ya msimamizi, ambayo karani hana. Angelazimika kuinuka na kumwita mwenye nayo: "Bosi, inataka pasiwedi." Naye bosi angeuliza kwa nini folda ya ankara inataka ruhusa ya kubadilisha kompyuta. Swali hilo moja lingeokoa ofisi nzima.

Wengi hujibu kwamba wana antivirus. Lakini antivirus humtii msimamizi. Programu iliyokwisha kupewa ruhusa za msimamizi ina njia nyingi za kuizima, au kujiingiza katika orodha ya vitu visivyokaguliwa. Virusi vya kuteka mafaili, vile vinavyofunga nyaraka zako kisha vikadai fidia, vina desturi ya kufuta kwanza nakala za akiba ambazo Windows huzitunza pale ulinzi wa mfumo unapokuwa umewashwa, ili usiwe na pa kurudi. Amri hiyo ya kufuta inahitaji ruhusa za msimamizi. Pasipo ruhusa hizo, inakataliwa.

Na mara nyingine hatungoji virusi vituzimie antivirus, tunaizima wenyewe. Yeyote aliyewahi kusakinisha Office ya kraki anayajua maelekezo yake: zima antivirus, kisha endesha kama msimamizi. Virusi vya kuteka mafaili vya ukoo wa STOP vilisambaa duniani kwa kujificha ndani ya kraki za namna hiyo. Mtu anatafuta programu ya bure, anamfungulia mwizi mlango kwa mkono wake, kisha anasema kompyuta "imeingiliwa".

Anayedhani haya ni mambo ya ofisi ndogo zisizo na wataalamu aikumbuke Maersk, kampuni ya Denmark ambayo makontena yake tunayaona kila siku katika njia ya Mombasa na Dar es Salaam. Tarehe 27 Juni 2017, virusi vilivyoitwa NotPetya vilitoka ndani ya masasisho ya programu ya hesabu za kodi iliyotumiwa sana nchini Ukraine. Programu ya kodi, jamani, ya aina ambayo wakala yeyote angeisakinisha bila kusita. Vilipoingia katika kompyuta moja vilichota nywila zilizokuwa katika kumbukumbu yake, na vikipata za msimamizi, vikazitumia kufungua kompyuta nyingine za mtandao huo. Vilitumia pia kasoro ya Windows ambayo Microsoft ilikuwa imeshaiziba mwezi Machi mwaka huo, kwa waliokubali kusasisha. Malango ya bandari yalisimama kuanzia Rotterdam hadi Mumbai. Maersk ililazimika kusimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 kwa muda wa siku kumi hivi, na hasara yake ikakadiriwa kuwa kati ya dola milioni 200 na 300.

Kilichokaribia kupotea kabisa ni orodha ya watumiaji na ruhusa zao. Seva zote zilizoitunza zilikuwa zimefutwa, isipokuwa moja nchini Ghana, iliyosalimika kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Kampuni yenye meli mamia iliokolewa na kukatika kwa umeme Afrika Magharibi. Wakala wa Holili asiweke riziki yake katika bahati ya namna hiyo.

Ajabu ni kwamba watu wa mpakani ndio wangepaswa kulielewa jambo hili kuliko wote. Anayejaza kadhia siye anayekagua mzigo. Mwenye mzigo, awe tajiri kiasi gani, hajigongei muhuri. Hakuna anayelalamika kwamba amedharauliwa. Kazi zimegawanywa ili kosa au hila ya mtu mmoja isipite hadi mwisho. Ndani ya kompyuta tumefanya kinyume: tumempa kila aketiye kitini muhuri, ufunguo wa ghala na kitabu cha stakabadhi kwa pamoja.

Wala si wazo jipya. Mwaka 1975 Jerome Saltzer na Michael Schroeder waliandika kuwa kila programu na kila mtumiaji apewe ruhusa zile tu zinazohitajika kwa kazi yake. Windows XP ya mwaka 2001 ilituzoesha vibaya, kwa kumfanya msimamizi kila aliyefungua akaunti wakati wa kuisimika. Vista, iliyoingia madukani 2007, ndiyo iliyoleta kijisanduku cha kuomba ruhusa. Watu wakakichukia na mafundi wakajifunza kukizima. Wapo wanaokizima hadi leo na kumwambia mteja kwamba wamemwondolea usumbufu. Fundi wa namna hiyo amemharibia mteja kazi, na anapaswa kuambiwa hivyo.

"Inachelewesha," nitaambiwa. Inachelewesha nini? Kujaza TANSAD hakuhitaji msimamizi. Wala kuchapa, kutuma barua pepe, kufungua Excel au kuskani pasipoti. Printa mpya huja mara moja kwa miezi mingi. Ipo programu ya zamani ya hesabu inayogoma kufunguka bila ruhusa kubwa. Hiyo fundi mzuri huitengenezea ruhusa ya kuandika katika folda yake tu, badala ya kuifungulia kompyuta nzima.

Akaunti ya kawaida haizuii kila kitu. Nyaraka ambazo karani anaweza kuzifungua, virusi vilivyoendeshwa na karani vinaweza kuzifunga pia. Kwa hiyo nakala ya akiba katika diski ya nje, inayochomolewa baada ya kunakili, bado ni lazima. Nywila ya mfumo wa forodha iliyoandikwa katika ukurasa wa kitapeli haitaokolewa na akaunti yoyote. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya kupoteza folda moja unayoweza kuirejesha na kukabidhi kompyuta nzima, pamoja na kila akaunti iliyomo.

Na asiseme mtu kwamba hana cha kuibiwa. Pasipoti za madereva na TIN za wateja si zake, amekabidhiwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azilinde. Kusema kwamba kompyuta ilikuwa ya kwangu si utetezi.

Kazi yenyewe ni ndogo. Fungua akaunti ya pili, uipe hadhi ya msimamizi na nywila ndefu. Ingia humo kwanza uhakikishe inafunguka, maana wapo waliojifungia nje kwa haraka. Kisha rudisha akaunti yako ya kila siku iwe ya kawaida, bosi ukiwa wa kwanza, na umfungulie karani ya kwake yenye jina lake. Nywila ya msimamizi iandike katika daftari, ulifungie pamoja na leseni ya biashara na cheti cha TIN. Fundi akija, usimtajie kwa simu. Iandike mwenyewe mbele yake, na akiondoka hakikisha hakuongeza akaunti nyingine.

Nawaomba mawakala wa Holili na wenzao wa Tarakea wafanye hivyo wiki hii, siku ambayo foleni ni fupi. Nanyi mafundi wa Himo na Moshi, kuanzia kompyuta ijayo mtakayoipiga Windows, msimkabidhi mteja akaunti moja. Mkabidhini mbili, na mwelezeni kwa nini kabla hajawalipa.