Okoth Hana Haja ya Kuwa Yoshua

Jumapili hapa mtaani Baba Dogo, Nairobi, vipaza sauti vya makanisa ya mabati hushindana, na siku hizi somo linalovuma ni majina. Juzi kwa kinyozi, baba mmoja kijana alikuwa na wasiwasi. Mwanawe alizaliwa usiku wa mvua, akaitwa Okoth. Sasa ameambiwa ambadilishe jina kabla ya cheti cha kuzaliwa kutoka.

Ameambiwa kwanza kwamba Waebrania walikuwa na majina matakatifu ya ukoo. Hawakuwa nayo. Yoshua ni bin Nuni, Kalebu bin Yefune, basi. Petro ni Simoni Bar-yona. Hilo "bar" ni mwana kwa Kiaramu, ndugu wa "ben" ya Kiebrania na "bin" tuliyopewa na Waarabu. Bartimayo naye ni mwana wa Timayo. Yule kipofu tunamjua kwa babake tu. Hata majina ya Kiyahudi kama Rosenberg ni ya Kijerumani, na Wayahudi wengi wa Ulaya walipata majina ya ukoo kwa amri za serikali, kama ile ya Austria ya 1787. Anayetaka mtindo wa Yoshua amtazame Mkalenjin na "arap" yake, Mmaasai na "ole", Mkikuyu na "wa". Mwandishi Ngũgĩ alitupa James, ambalo ni Yakobo aliyepitia Uingereza, na hilo "wa Thiong'o" lililobaki ndilo lililojengwa kama "bin Nuni".

Eti jina la Kiafrika ni la kipagani, la Biblia ni safi? Finehasi, kuhani, mjukuu wa Haruni, ana jina la Kimisri ambalo wataalamu hulifasiri kuwa Mnubi, mtu mweusi. Mweusi, tena kwenye nyumba ya makuhani! Mordekai, mlezi wa Esta, jina lake linatokana na Marduki, mungu wa Babeli. Hakuna nabii aliyemtuma akabadilishe.

Kwamba ukimwita mtoto Lawi anakuwa Mlawi, tusipoteze muda. Eastlands nzima ingekuwa inadai zaka.

Hoja yenye uzito ni kwamba jina baya huleta laana. Ni kweli Raheli akifa alimwita mwanawe Benoni, mwana wa uchungu wangu, na Yakobo akakataa, akamwita Benyamini. Lakini soma 1 Nyakati 4. Yabesi aliitwa hivyo kwa sababu mamake alimzaa kwa huzuni. Aliomba, akajaliwa aliyoyaomba, na jina likabaki lilelile. Hata Yakobo, baada ya kuitwa Israeli, Mwanzo inaendelea kumwita Yakobo.

Tena Waebrania waliwapa watoto majina kwa tukio la kuzaliwa, kama Wajaluo. Isaka ni kicheko, kwa kuwa wazazi walicheka. Peresi ni mpasuko, kwa alivyojipenyeza mbele ya pacha wake. Otieno ni wa usiku, na Okoth ni wa mvua.

Kinyozi alizima mashine akauliza kama mvua ya usiku ule ilikuwa kubwa. Baba akasema ilifurika mpaka mlangoni.