Bolti ya shokapu ikilegea mara ya pili, usikaze tu

Leo naweka kando mbegu na chanjo, nizungumzie chombo kinachotufikisha kwa mkulima: pikipiki. Hasa nazungumzia bolti na nati za nyuma, zile zinazoshika shokapu na ule mkono wa chuma unaobeba tairi.

Msimamo wangu nautoa mapema. Bolti ikilegea mara moja, kaza. Ikilegea mara ya pili palepale, acha kukaza na utafute sababu. Wengi wetu tunafanya kinyume. Tunamwambia fundi "kaza sana", naye anachomeka bomba kwenye spana ili apate nguvu zaidi, tunalipa, tunaondoka. Wiki mbili baadaye tumerudi kwa kosa lilelile.

Mimi nilijifunza kwa aibu. Nilikuwa nimeahidi kuchanja kuku dhidi ya kideri katika kitongoji kimoja cha milimani huko Kilolo. Wafugaji waliambiwa wasifungulie kuku asubuhi mpaka nifike. Nati ya chini ya shokapu ya kushoto ilikuwa imeshakazwa mara tatu mwezi ule, nami nikajipa moyo kwamba safari hii imekaza kweli. Kwenye mteremko nikasikia mlio wa chuma, na nyuma kukaanza kuyumba. Niliposimama, nati haikuwepo na shokapu imechomoka chini, inagonga kava la cheni. Nilisukuma pikipiki hadi kwa fundi wa karibu, nikafika kitongojini saa saba mchana. Kuku walishafunguliwa, maana hakuna anayeweza kuwafungia ndani bila maji mpaka muda huo. Mama mmoja akaniambia, "Bwana mifugo, tulikusubiri." Hakuongeza neno. Tulipopanga siku nyingine, waliojitokeza walikuwa nusu.

Sasa, kwa nini nati inalegea? Jibu la kawaida ni "mtikisiko wa barabara". Ni kweli, lakini halitoshi. Bolti iliyokazwa vizuri huvutika kidogo sana, mfano wa springi, na mvuto huo ndio unaobana vipande pamoja. Vipande vikianza kuteleza kwa upande, kwenda na kurudi, nati hujifungua yenyewe taratibu. Mhandisi wa Kijerumani Gerhard Junker alilionyesha jambo hilo mwaka 1969. Kwa hiyo swali la kumuuliza fundi ni hili: kitu gani kinateleza?

Anza na bushi. Kwenye tundu la shokapu kuna raba, na ndani ya raba kuna kibomba cha chuma. Nati inatakiwa kukibana kibomba hicho. Kikiliwa kikawa kifupi, nati inafika mwisho wa meno kabla ya kubana chochote. Mkononi unahisi imekaza, kumbe shokapu iko huru. Jaribu hivi: ukishakaza, shika washa ya nje kwa vidole. Ikizunguka, hakuna kilichobanwa. Hapo hata ukileta wanaume watatu na bomba la mita moja hawatasaidia. Dawa ni bushi mpya.

Pili, angalia meno. Nati iliyokazwa kwa bomba mara nyingi imeshavuta meno ya bolti. Ukiona yamelala au yamekatika, badilisha vyote viwili. Usikubali kuwekewa bolti ya kufungia kitanda au geti. Bolti ya kazi hii iwe na namba kichwani, angalau 8.8. Isiyo na namba kwa kawaida ni chuma laini.

Tatu, nati yenye pete ya plastiki ndani. Hii ni nzuri, ila ina mwisho wake. Ukiweza kuizungusha kwa vidole mpaka ipite kwenye pete, kazi yake imekwisha. Nunua nyingine.

Nne, usiiamini mno springi washa, ile iliyokatwa upande mmoja. Majaribio ya namna ya Junker yameonyesha kuwa inasaidia kidogo sana pale vipande vinapoteleza kwa upande. Gundi ya kufungia nati inasaidia zaidi. Chagua ya bluu, kwa kuwa hufunguka kwa spana ya kawaida, wakati ile nyekundu mara nyingi hudai moto. Safisha meno yasiwe na mafuta wala kutu, tia tone moja, kaza, kisha iache ikauke. Lakini gundi haizibi pengo la bushi iliyokwisha.

Tano, bolti ndefu inayoshika mkono wa tairi kwenye fremu. Weka pikipiki kwenye stendi kubwa, shika mkono huo karibu na tairi, usukume kushoto na kulia. Ukicheza pale unapoungana na fremu, usisafiri nayo. Hapo ndipo nyuma huyumba kwenye kona ukiwa umebeba mtu.

Kuhusu nguvu ya kukaza, kitabu cha pikipiki yako kinataja kipimo kwa Nm. Kama fundi hana spana ya kupimia, kuna hesabu ya kukadiria: ukivuta ncha ya spana ya sentimita 30 kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 10, umekaza karibu Nm 30. Utashangaa jinsi bomba la fundi linavyopita kiwango hicho.

Ukimaliza, chukua rangi ya kucha uchore mstari mmoja kutoka kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho pembeni yake. Kila asubuhi kabla ya kuwasha, inama utazame. Mstari ukikatika, nati imezunguka. Mimi sina kifaa nikipendacho kuliko kichupa hicho, na wenzangu ofisini wameshachoka kunicheka.

Najua utaniambia barabara zetu zimejikunja kama bati na mizigo ni mizito. Ni kweli. Barabara hatutaitengeneza mimi na wewe leo. Lakini mfuko wa mbolea wa kilo 50 juu ya keria, pamoja na abiria, tunaupanga wenyewe. Shokapu ikigonga mwisho kila shimo, bolti zake ndizo zinazopokea kipigo.

Utaniambia pia kwamba hiyo ni kazi ya fundi. Fundi anaiona pikipiki yako mara moja kwa mwezi, wewe unaipanda kila siku. Na wakubwa zetu wanaotukagua tumetumia lita ngapi za mafuta, ningependa watuulize pia lini tumekagua bolti. Bei ya bushi ni ndogo kuliko siku moja ya kazi iliyopotea, achilia mbali mguu uliovunjika.

Kila siku tunamwambia mfugaji asimpe kuku dawa kabla ya kujua anaumwa nini. Tukifika kwenye pikipiki zetu, tunakaza tu. Kesho asubuhi, kabla hujawasha, inama uangalie washa ile ya chini ya shokapu ya kushoto. Ikizunguka kwa vidole, mpigie mkulima umwambie utachelewa, kisha uende kwa fundi kwanza.