MAONI: Uzamili wa kompyuta si maficho ya kukosa kazi

UMEVAA joho, umepigwa picha, mbuzi ameliwa, na sasa umerudi Rongai au Umoja na digrii yako ya kompyuta. Miezi inasonga. CV umetuma hadi vidole vinauma. Kisha mtu wa nyumbani, mara nyingi mjomba aliyesaidia kulipa karo, anakuuliza swali ambalo kila mhitimu wa siku hizi analijua: "Sasa si urudi tu shule ufanye masta?"

Nitauweka msimamo wangu mezani mapema. Kusomea uzamili wa mifumo ya habari au wa uundaji wa programu ni jambo la maana, na nchi hii inahitaji watu wa fani hiyo kuliko inavyokubali. Lakini ukiingia darasani kwa sababu tu umechoka kutarmak, utatoka na vyeti viwili na shida ileile, tena ikiwa imebebeshwa deni.

Najua kuna kambi ya pili. Mtandaoni hukosi wazito wa teknolojia wanaokuambia ati masta ni karatasi ya kufungia njugu: jifunze YouTube, fanya kozi ya miezi sita, ingia kazini. Hao nao wana nusu ya ukweli. Ndiyo, kuandika msimbo unaweza kujifunza ukiwa kwa keja yako bila mhadhiri. Ila hebu tuangalie mifumo mikubwa iliyowahi kutuangusha Wakenya, tuone iliangushwa na nini.

Mifumo yetu huanguka wapi?

Rudi Machi 4, 2013. Tume ya uchaguzi ilikuwa na vifaa vya kielektroniki vya kutambua wapigakura kwa alama za vidole. Vituo vingi vilikuwa madarasa ya shule, na madarasa mengi hayakuwa na umeme. Betri za laptopu zikazima foleni ikiwa bado ndefu. Kwingine maafisa walikwama kwenye nywila. Makarani wakarudi kwenye sajili ya karatasi, na matokeo yaliyopaswa kupeperushwa kwa mtandao yakaishia kubebwa kwa fomu hadi Bomas of Kenya. Sasa niambie, ni mstari upi wa msimbo ungeleta umeme kwenye darasa la shule ya kijijini? Aliyehitajika pale ni mtu wa kuuliza mapema: kifaa hiki kitatumiwa wapi, na nani, kwa saa ngapi, na kikizima tunafanya nini?

Njoo 2019. Wakenya walipanga foleni kusajiliwa Huduma Namba, na mabilioni ya pesa yakatumika. Oktoba 2021 Mahakama Kuu ikaamua kwamba utoaji wa kadi zile ulikiuka sheria, kwa kuwa serikali haikuwa imefanya tathmini ya athari kwa data za watu kama inavyotakiwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Kompyuta zilifanya kazi yake. Kilichokosekana ni hatua moja ya kazi ya maandishi, ambayo mwanafunzi wa uzamili wa mifumo anapaswa kuijua hata akiamshwa usiku wa manane.

Upande wa mafanikio nao unatufunza somo hilohilo. M-Pesa unayotumia kulipia mandazi haikuanza kama huduma ya kutumiana pesa. Majaribio ya 2005, hapa Nairobi na kule Thika, yalikuwa ya kuwasaidia wateja wa Faulu kulipa mikopo yao midogo kwa simu. Wateja wale wakaanza kuitumia kwa mambo yao: huyu anamtumia jamaa yake pesa, yule anaweka hela kwenye simu kabla ya kusafiri ili asiibiwe njiani. Waliosimamia mradi waliona hayo, wakayachukulia kwa uzito, na Machi 2007 huduma ikazinduliwa ikiwa imejengwa juu ya wazo la kutuma pesa nyumbani. Wangekuwa watu wa kung'ang'ania mpango wa kwanza, pengine leo tungekuwa tunazungumzia programu ya mikopo iliyokufa Thika.

Hapo ndipo fani hii inapoishi. Mwanasayansi wa kompyuta huuliza mashine inaweza kufanya nini. Muunda programu huuliza jinsi ya kuijenga ili isivunjike, na ili mtu mwingine aweze kuirekebisha miaka mitano baadaye. Mtu wa mifumo ya habari huuliza shirika litabadilika vipi likiingiza mashine hiyo: nani atapata taarifa ambazo hakuwa nazo, nani atapoteza mamlaka, nani atajaribu kuukwepa mfumo, na sheria inasema nini. Kozi nzuri ya uzamili inakufunza kuchambua mahitaji, kukagua mifumo, kupima ubora, kusimamia miradi na zabuni, kulinda data. Haya huwezi kuyapata kwa kutazama video mbili tatu.

Kwa nini basi nakuambia usikimbie?

Kwa sababu maswali hayo hayana ladha kwa mtu ambaye hajawahi kuumwa nayo. Mhadhiri akisema watumiaji watapinga mfumo mpya, wewe uliyetoka digrii ya kwanza moja kwa moja unaandika kwenye daftari ili ukajibu mtihani. Jirani yako wa darasani, anayefanya kazi benki au hospitali na amekuja jioni akiwa na tai shingoni, anacheka kwa uchungu. Yeye amewahi kuona mhasibu akiendelea kuweka rekodi kwa kitabu cha siri mwaka mzima baada ya mfumo wa mamilioni kuzinduliwa kwa keki na hotuba. Nyote mnalipa karo sawa, lakini yeye ndiye anayepata thamani ya pesa zake.

Wafadhili wenyewe wanajua hivyo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, unataka uwe na angalau miaka miwili ya kazi, na hesabu yao ni saa 2,800. Shirika la DAAD la Ujerumani nalo, kwenye ufadhili wake wa kozi za maendeleo, linataka uzoefu wa miaka miwili. Kwa hivyo, ukisubiri ukifanya kazi, milango inaongezeka. Kigali hapa, Carnegie Mellon University ina tawi la Afrika linalotoa uzamili wa teknolojia ya habari, na Wakfu wa Mastercard umekuwa ukiwafadhili wanafunzi pale. Vyuo vya nyumbani navyo vipo: Chuo Kikuu cha Nairobi, JKUAT, Strathmore, USIU. Hakuna anayefunga lango ukifika na miaka 26 au 30.

Soko lenyewe pia lilishasema. Septemba 2019 kampuni ya Andela, ambayo vijana wengi tuliiona kama lango la mbinguni, iliwaachisha kazi takriban waunda programu 400 Kenya, Uganda na Nigeria. Walioondolewa walikuwa wa ngazi ya chini, maana wateja wa ng'ambo walitaka watu wenye uzoefu. Cheti cha uzamili hakikugeuzi kuwa mtu wa uzoefu.

Hesabu ya mfukoni

Tuongee pesa bila aibu. Ada ya uzamili katika vyuo vyetu huhesabiwa kwa malaki, na hujaweka nauli, kodi ya nyumba na bando. Kama ulisoma kwa mkopo wa HELB, unatakiwa kuanza kuulipa ndani ya mwaka mmoja baada ya kumaliza, kwa riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na faini ya anayekwepa ni Sh5,000 kila mwezi. Deni hilo halikusahau eti kwa kuwa sasa unasomea uzamili.

Ng'ambo nako usidanganyike na neno "bure". Kweli, vyuo vingi vya umma Ujerumani havitozi karo. Lakini ili upewe viza unahitajika kuonyesha pesa za kujikimu kwenye akaunti maalumu, na kuanzia Septemba 2024 kiwango hicho kimekuwa euro 11,904 kwa mwaka, yaani zaidi ya Sh1.5 milioni. Kabla mzazi hajauza kipande cha shamba, kaa naye chini muipige hesabu hiyo pamoja.

Kisha kuna tasnifu. Uliza kwenye chuo chochote na utaonyeshwa watu waliomaliza masomo ya darasani zamani na bado "wako kwa proposal". Wengi walikwama kwa kukosa swali. Walichagua mada kwa sababu ilisikika kubwa, wakaishia kuandika juu ya mifumo ya benki ambazo hazikuwapa hata ruhusa ya kuingia. Aliyefanya kazi kwenye sacco ya matatu na kuona jinsi pesa za siku zinavyopotelea kati ya kondakta na ofisi ana swali tayari. Ana data, ana watu wa kuhoji, ana hasira ya kummalizisha.

"Lakini nitapata uzoefu wapi na kazi hakuna?"

Hili ndilo pingamizi zito, na silidharau. Ukimwambia kijana asiye na kazi aende kazini kwanza, ni sawa na kumwambia mwenye njaa ashibe kwanza. Ila uzoefu ninaousema hauko Upper Hill pekee. Mama yako ana chama. Jengea chama hicho mfumo wa kuweka michango na mikopo. Utagundua ndani ya wiki mbili kwamba mweka hazina haamini simu na anataka kitabu chake, kwamba wanachama wawili hutuma mchango kwa nambari ya mtoto, na kwamba mwenyekiti hapendi kila mtu aone nani hajalipa. Hapo umeshasoma nusu muhula wa mifumo ya habari bila kulipa karo. Fanya vivyo hivyo na duka la dawa la mtaa, shule ndogo ya kibinafsi au kanisa. Ombeni malipo, hata kama ni madogo, kwa sababu mteja anayelipa hulalamika, na malalamiko yake ndiyo shule.

Mwingine ataniambia akili unde sasa inaandika msimbo, kwa hivyo haya yote yamepitwa na wakati. Mimi naona kinyume. Kama kuandika msimbo kumekuwa rahisi, basi kazi ngumu iliyobaki ni kujua kipi kiandikwe, kuthibitisha kwamba kinafanya kinachodaiwa, na kubeba lawama kikiharibika. Akili unde haitaitwa mbele ya kamati ya bunge kueleza kwa nini data za wagonjwa zimevuja. Wewe utaitwa.

Nani aende leo?

Wapo ambao sitawaambia wangoje. Ukitaka kufundisha chuo kikuu au kufanya utafiti, huwezi kukwepa uzamili, kwa hivyo anza. Ukiwa serikalini au kaunti na umefika ngazi ambayo nafasi inayofuata inaitisha uzamili, nenda. Na kuna kundi ambalo natamani lingekuwa kubwa zaidi: muuguzi, mhasibu, mwalimu au afisa wa kilimo anayetaka kuingia kwenye teknolojia. Muuguzi aliyefanya kazi wodini miaka sita, akiongezewa elimu ya mifumo, anaweza kumwambia muunda programu kwa nini fomu yenye kurasa nne haitajazwa zamu ya usiku. Watu hao ni adimu.

Wengine wote, kabla ya kulipa ada ya kwanza, jiulize maswali manne. Ni tatizo gani umeliona kwa macho yako na unataka kulielewa? Nani atakusimamia kwenye tasnifu, na wanafunzi wake wa mwisho walimaliza baada ya muda gani? Nani analipa, na akikwama katikati itakuwaje? Na je, mtaala wa kozi hiyo unagusa sheria ya data, ukaguzi na usalama, au ni masomo yaleyale ya digrii ya kwanza yaliyopakwa rangi? Tembelea idara, zungumza na wanafunzi walio mwaka wa pili. Usitosheke na brosha.

Vyuo navyo vina la kujibu. Mnapokea vijana wasio na uzoefu kwa sababu mnahitaji ada, kisha mnawaacha miaka kwenye foleni ya wasimamizi wachache. Fungueni milango kwa hospitali, sacco na kaunti zilete matatizo yao halisi darasani. Nanyi waajiri mnaoandika "uzamili utakuwa faida" kwenye kila tangazo, hata la mtu wa kurekebisha printa, mnawasukuma watoto wa watu kwenye madeni bila sababu.

Kwa hivyo mjomba akikuuliza tena, usimjibu kwa hasira. Mwambie: "Nitarudi, mjomba, lakini kwanza kuna mfumo wa chama cha mama ambao haujakubali kufanya kazi." Halafu fungua laptopu uendelee.