Nondo za madirisha zisiwe mtego wa watoto



Maoni yangu ni juu ya usalama wa mabweni ya shule zetu.

Desturi yetu ni kutia nondo madirishani na kufuli mlangoni. Nia ni njema: kuzuia wezi, na kuzuia wanafunzi wasitoroke usiku. Lakini kinga ya hatari moja, ikiwekwa bila kufikiria hatari nyingine, hugeuka kuwa mtego.

Juni 1994 wasichana zaidi ya 40 waliteketea bwenini katika Shule ya Sekondari Shauritanga, Rombo. Machi 2001 wenzetu wa Kenya walipoteza wavulana 67 katika shule ya Kyanguli, Machakos. Bweni lile lilikuwa na nondo madirishani, na mlango mmoja ulikuwa umefungwa. Moto haumngoji mlinzi atafute ufunguo.

Wako watakaosema kwamba nondo zikiondolewa wezi wataingia. Sisemi ziondolewe. Nasema katika kila bweni baadhi ya madirisha yawe na nondo zilizoungwa kwenye fremu yenye bawaba, na komeo liwe ndani, mahali ambapo mkono wa mwizi haufiki. Mtoto atafungua bila ufunguo. Tena bweni liwe na milango miwili, kila mmoja upande wake, inayofunguka kwa nje. Watoto wakisongamana kwa hofu, mlango wa kuvuta kwa ndani haufunguki. Kazi hii fundi wa kijijini anaiweza.

Jambo la pili ni mazoezi. Namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji tunayo, lakini vijiji vingi viko mbali na gari la zimamoto. Dakika za kwanza ni zetu wenyewe. Kila muhula lifanyike zoezi la usiku: kengele ipigwe, watoto watoke, wahesabiwe uwanjani. Hata darasa la saba wanaolala madarasani wakati wa kambi za mitihani wasisahauliwe.

Wathibiti ubora wakija shuleni hukagua maandalio ya masomo. Nawaomba wakague na milango pia. Kamati za shule nazo zisingoje barua kutoka wilayani, wala tusingoje tume ije kuchunguza baada ya mazishi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kondoa.